Kumtetea Mtoto, Kujitetea (Sehemu ya Pili): Kutoka Mlango wa Shule hadi Ofisi ya Serikali

Judith Heumann alikuwa na umri wa miezi 18 alipougua polio huko Brooklyn, New York, mwaka 1949. Daktari mmoja aliwashauri wazazi wake wampeleke akalelewe katika taasisi ya watoto wenye ulemavu. Hawakutaka hata kulisikia.

Alipotimiza miaka mitano, mama yake, Ilse, alimpeleka kuandikishwa katika shule ya mtaani kwao. Mwalimu mkuu akamkataa: kiti cha magurudumu, alisema, ni hatari moto ukizuka. Judith akapangiwa mwalimu wa kumfuata nyumbani, tena kwa saa chache tu kila wiki. Ilse akaanza kuzunguka maofisini, na ilimchukua miaka kadhaa: binti yake alikuwa na miaka tisa alipopata nafasi katika darasa maalumu. Wakati wa sekondari ulipokaribia, utaratibu ukawa ni kuwarudisha watoto wa aina yake nyumbani. Safari hii Ilse hakwenda peke yake. Aliwakusanya akina mama wenzake, wakaibana mamlaka ya elimu mpaka ikalegea, na mwaka 1961 Judith akaingia sekondari. Mzazi mmoja huambiwa arudi kesho, na kesho yake huambiwa vivyo hivyo. Kundi la wazazi wenye shida moja ni vigumu kulizungusha.

Lakini mama hawezi kumsemea mtoto maisha yote. Mwaka 1970 Judith, sasa mhitimu wa chuo kikuu, aliomba leseni ya ualimu. Alifaulu mtihani wa maandishi na wa mdomo, akaangushwa kwenye uchunguzi wa afya kwa sababu hatembei. Daktari alidiriki kumtaka aonyeshe anavyokwenda msalani! Judith aliishtaki Bodi ya Elimu ya New York, magazeti yakaidaka habari hiyo, na kesi ikaangukia kwa Constance Baker Motley, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho. Bodi ikaona heri kusalimu amri, ikampa leseni.

Sheria nayo ilihitaji kusukumwa. Mwaka 1973 Marekani ilipitisha Sheria ya Urekebishaji, ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika kila shughuli inayopokea fedha za serikali kuu. Bila kanuni za utekelezaji, hakuna shule wala hospitali iliyojihangaisha, na kanuni zilikaa miaka minne bila kusainiwa. Tarehe 5 Aprili 1977, watu wapatao 150, Heumann akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliingia katika jengo la serikali huko San Francisco wakakataa kutoka. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka ujumbe kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther, ambacho mwanachama wake Brad Lomax alikuwa ndani kwenye kiti cha magurudumu, kiliwaletea chakula cha moto. Waziri aliyehusika, Joseph Califano, alizisaini kanuni hizo tarehe 28 Aprili.

Afrika Mashariki nako, sheria zipo kwenye karatasi. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu za watu wenye ulemavu zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi yake; Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka huohuo. Hata hivyo, mzazi hukataliwa kwa mdomo, mlangoni, na mtu ambaye kesho atasema hakumkataa mtu. Kwa hiyo ni vyema aombe jibu kwa maandishi, lenye sababu, jina na tarehe. Wengine hubadili kauli papo hapo wanapoombwa waandike. Anayeandika amempa mzazi kitu cha kukatia rufaa.

Sehemu ya tatu itaeleza rufaa hiyo inavyoandikwa na inakopelekwa.