Pampu Haivuti Maji: Kwa Nini Kisima cha Mita 15 Kinaishinda Pampu ya Mita 35

Umenunua pampu ndogo ya umeme, zile za buluu zilizojaa madukani. Kibandiko chake kinasema mita 35. Kisima chako kina mita 15 hadi kwenye maji. Hesabu inakubali kabisa, si ndiyo? Fundi anafunga bomba, anawasha, pampu inanguruma, na kwenye tangi halidondoki hata tone.

Pampu si mbovu. Mita 35 ni kimo ambacho inaweza kuyasukuma maji yakishaifikia. Kuyafikisha hapo ni kazi nyingine, na kazi hiyo, amini usiamini, inafanywa na hewa.

Hewa iliyo juu yetu ina uzito. Kwenye usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba inakandamizwa kwa uzito wa karibu kilo 1, na uso wa maji kisimani nao ni hivyo hivyo. Pampu inachofanya ni kupunguza mkandamizo ndani ya bomba tu. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Uzito wa maji bombani ukilingana na nguvu ya hewa, basi, yanasimama. Evangelista Torricelli wa Italia alilionyesha hili miaka ya 1640 kwa kutumia zebaki, ambayo ilisimama kwenye sentimita 76 hivi. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Zidisha, utapata mita 10.3. Pampu iliyokaa juu ya kisima haivuki hapo, hata uinunue kwa milioni kumi.

Na hiyo ni kwa Dar es Salaam, tena kwa pampu kamilifu ambayo haipo duniani. Njombe, mita 1,900 hivi juu ya bahari, kikomo kinashuka hadi karibu mita 8.2. Halafu maji yenyewe yana tabia moja: mkandamizo ukipungua sana, yanaanza kuchemka yakiwa baridi. Mapovu yakipasukia ndani ya pampu utasikia kama changarawe zinazunguka, na taratibu yanakula chuma. Kwa hiyo kimo salama cha kuvuta (nitaendelea kusema "kuvuta" kwa mazoea) ni mita 6 au 7 pwani, na karibu 5 huko nyanda za juu. Pima kutoka kwenye pampu hadi uso wa maji, na upime mwishoni mwa kiangazi. Pampu iliyofanya kazi vizuri mwezi Mei ikigoma Oktoba, mara nyingi maji ndiyo yameshuka.

Ukishaelewa kwamba ni hewa inayosukuma, masharti ya bomba la kuvuta yanajieleza yenyewe. Liwe gumu, maana mpira laini utanywea. Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu: kwa kiasi kilekile cha maji, ukipunguza kipenyo kwa nusu, msuguano unapanda karibu mara 30. Lipande mfululizo kuelekea pampu, bila kigongo cha hewa kujificha. Chini weka valvu yenye chujio, na ujaze bomba maji kabla ya kuwasha. Halafu kuna hili linalowasumbua hata mafundi wazoefu: upande huu ukiwa na tundu, pampu ikiwa inafanya kazi, hutaona maji yakivuja. Tundu linanyonya hewa kimyakimya. Maungio yote ni makavu, na pampu haipandishi.

Sasa, maji yako mita 15 na pampu imegoma. Wengi hufikiria jambo moja: tuishushe pampu kisimani, iyakaribie maji. Kifizikia ni sahihi. Kama pampu ni ya injini ya petroli, ni hatari ya kifo.

Injini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu yetu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kisimani hakuna upepo wa kuipeperusha, kwa hiyo inabaki hata baada ya injini kuzimwa. Anayeshuka kurekebisha bomba anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, halafu ndugu yake anashuka kumwokoa, naye hapandi. Usitegemee ile mbinu ya kushusha mshumaa au koroboi. Mwali huzimika oksijeni ikipungua, lakini kiwango cha kaboni monoksaidi kinachoua mtu hakiuzimi.

Kwa kina hicho nunua pampu ya kuzamishwa, ile inayokaa ndani ya maji na kusukuma kutoka chini. Hapo kikomo cha mita 10.3 hakikuhusu tena. Ining'inize kwa kamba isiyooza, kamwe si kwa waya wake wa umeme, iwe na arthi na swichi inayojikata umeme ukivuja, na uizime kabla mtu hajagusa maji.

Ikitokea mtu ameanguka kisimani ambamo injini ilikuwa ikiwaka, usishuke, hata kama unamsikia akikoroma. Kwa Tanzania piga 114, zimamoto na uokoaji, uwaambie kabisa kwamba kuna moshi wa injini, ili waje na mitungi ya hewa.