Je, Wajua? Masala Kulangwa Alimtibu Bibi Aliyetaka Kumroga

Je, wajua kwamba shujaa mashuhuri wa ngano za Wasukuma hamalizi safari yake kwa kuua zimwi? Zimwi hilo, Shing'weng'we, lilimeza watu na mifugo yote, akabaki mama mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliuliza wengine wako wapi, kisha akaanza kulisaka zimwi hilo. Alirudi na panzi, akarudi na ndege, na kila mara mama alimwambia silo. Hatimaye aliliua na kulipasua. Watu wakatoka, baba yake akiwemo. Kwa bahati mbaya alikata sikio la bikizee mmoja, naye kwa hasira akataka kumroga. Kijana akatafuta dawa, akamponya. Ndipo akakalishwa kwenye kiti cha utemi.

Wapo watakaosema sikio ni kionjo tu cha msimulizi. Kama ni hivyo, mbona utemi haukuja mara tu zimwi lilipopasuliwa? Wengine watasema ngano inakuza imani ya uchawi. Ni kweli bikizee anajaribu kuroga, na hapo ndipo penye uzito: shujaa alikuwa na kisingizio kilekile cha uchawi kilichotumika kuwakata mapanga vikongwe wa Shinyanga na Geita, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyounguzwa na moshi wa jikoni. Hakukitumia, maana jeraha lile lilitoka mkononi mwake. Wazee mnaoisimulia ngano hii, msiikatishe zimwi linapokufa. Wafikisheni wajukuu hadi kwenye dawa ya sikio.