Ammita Yasawazisha Darubini

Mchukuzi wa maji kwa mzegazega hujua kwamba debe moja likizidi jingine, bega huumia. Darubini nayo ina bega lake, nalo ni mota.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ili nyota isituponyoke, mota huizungusha darubini kuelekea magharibi kwa mwendo huo huo. Upande wa pili wa mhimili huwekwa uzani wa kuisawazisha. Usawa ukikosekana, mota huelemewa, meno ya gia hulika, na katika picha nyota hutokea kama mistari.

Kuupima usawa kwa mkono ni vigumu, maana msuguano wa gia huficha kasoro ndogo. Lakini katika mota ya mkondo mnyoofu, nguvu ya kuzungusha huwiana na mkondo. Basi unga ammita mfululizo na mota. Fimbo ya uzani ikiwa mlalo, zungusha darubini kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa mwendo ule ule.

Tuchukue mfano: uzani ukipanda, ammita yasoma miliampea 300, ukishuka, 200. Msuguano hupinga pande zote mbili, nao hula wastani wake, yaani 250. Zile 50 zinazoongezeka au kupungua ni za kasoro: uzani umezidi. Usogeze karibu na mhimili, upime tena.

Mwanafunzi asingoje ammita isome sifuri, kwani msuguano haukomi. Kinachotafutwa ni masomo mawili yaliyo sawa.