Tabora hadi Ujiji kwa baiskeli: wahi kabla mvua za Msimu hazijashika

Kama una mpango wa kupiga pedeli kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji, angalia kalenda kabla hujamwona fundi baiskeli.

Tabora haina vuli na masika kama Dar. Ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huziita mvua za Msimu. Utabiri wake hutoka kabla ya Novemba. Usome wote, hasa sehemu ya mvua kuanza lini, maana ndiyo inayokuhusu.

Kuna jambo wengi hulisahau: mvua huanzia magharibi. Kigoma mara nyingi inalowa Oktoba wakati Tabora bado vumbi. Kwa hiyo ukitoka Tabora kwenda Urambo, Kaliua na Uvinza, unaifuata mvua ilipo. Ukiondoka katikati ya Novemba huku kwenu kukavu, usishangae kukuta tope mbele.

Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua hili zamani. Walisafiri kiangazi baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi nyumbani kabla ya kupanda. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakaondoka mvua zimeshaanza. Walifika Ujiji Februari 1858, Burton hawezi kutembea, Speke macho hayaoni vizuri. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872 kwenda kusini, kukiwa kukavu, lakini mvua zilimkuta mbele kwenye mabwawa ya Bangweulu.

Leo kuna lami sehemu kubwa na daraja la Malagarasi, mto ambao wao waliuvuka kwa mitumbwi. Ila ukichepuka kwenda Kwihara kuona tembe la Livingstone, au ukilala vijijini, utakutana na udongo. Ule mweusi wa mbugani ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Ng'oa madigadi, au beba kijiti cha kukwangulia.

Sasa, Oktoba nayo siyo mteremko. Ndiyo mwezi wa joto kali, mchana hupita nyuzi 30, na visima vingi vimepungua. Anza saa 11 alfajiri, pumzika saa 5, endelea saa 10 jioni. Lita tano za maji kwa mtu siyo nyingi. Afadhali joto kuliko tope: joto unalikwepa kivulini, tope huna pa kulikwepea.

Kwa maoni yangu wiki mbili za kwanza za Oktoba ndizo bora. Ni kama kilomita 400, siku tano au sita bila kujiua. Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo unakusukuma mgongoni, na Ziwa Tanganyika liko chini kuliko Tabora kwa zaidi ya mita 400.

Kwenye miombo kuna ndorobo. Wanapenda kitu kinachotembea na rangi nyeusi au bluu, kwa hiyo vaa kaki au rangi ya mchanga.

Na kama mvua ya kwanza itakukuta njiani, mara nyingi itakuja mchana na radi. Usijibanze chini ya mwembe uliosimama peke yake. Tafuta nyumba, piga hodi, subiri ipite.