Mnanasi na Jamaa Zake Barazani

Aghalabu mtu wa Mikindani akiulizwa habari za mimea ya jamii ya bromelia hujibu kwamba hajapata kuiona, ilhali uani kwake, ubavuni mwa mkorosho, imesimama minanasi aliyoirithi kwa marehemu babu yake. Na mnanasi, kwa kauli ya wanazuoni wa mimea, ndio mashuhuri kupita wote katika jamii hiyo yenye aina zaidi ya 3,000. Asili yao wote ni bara la Amerika, ila aina moja tu iotayo yenyewe majabalini katika nchi ya Guinea, magharibi ya Afrika. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakiupanda mnanasi tangu zama za kale, kabla Columbus hajakutana nao katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na baadaye Wareno wakautawanya kwa marikebu zao katika bandari za Afrika na Bara Hindi.

Basi anayetamani kuweka barazani Guzmania yenye ua jekundu, au Neoregelia ambayo moyo wake hugeuka rangi, na autazame kwanza mnanasi, jinsi majani yake yalivyojipanga kuuzunguka moyo hata yakafanya bakuli, mvua inyeshapo maji yakateremka kwa mifereji ya majani na kutua katikati. Wengi wa jamaa zake, kwao, huishi juu ya matawi ya miti bila ya kuinyonya. Mizizi yao kazi yake kubwa ni kushika, na kunywa ni kwa jani. Ama mnanasi wenyewe, fauka ya hayo, hufunga vitundu vya majani yake mchana wa jua kali na kuvifungua usiku ili uvute hewa, ndiyo sababu hustahimili miezi ya kusi, tangu Mei hata Oktoba, ambayo mvua huku kwetu huadimika.

Aiuaye mimea hii majumbani, kwa hiyo, aghalabu ni mwenyewe, kwa kuipanda katika udongo mweusi mzito na kuurowesha asubuhi na jioni mpaka mizizi ikaoza. Chungu kiwe na matundu, na ndani yake makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vya makaa na mchanga wa mtoni, wala si wa ufuoni. Maji na yatiwe katika bakuli la majani. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi, nayo hubaki yakaukapo na kuunguza jani. Afadhali kukinga ya mvua mtungini. Mnanasi hupenda jua lote, bali Guzmania hutaka kivuli cha baraza. Dawa ya ukungu yenye shaba isiiguse kabisa.

Lakini bakuli hilo lina shari yake. Maji machache yaliyotulia ni makazi ya mbu, na watu wa mkoa huu hawana haja ya kuhadithiwa, kwani homa ya chikungunya ilielezwa na matabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nchi ya Wamakonde. Kila juma, basi, chungu kiinamishwe, maji ya zamani yamwagwe, mapya yatiwe.

Hutokea mmea ukakomaa na ukakataa kutoa ua. Wakulima wa visiwa vya Azores, waliopanda minanasi ndani ya nyumba za vioo, waligundua mwaka 1874 kwamba moshi huuchochea. Sababu yake ni gesi ya ethilini, ileile itokayo katika matunda yaivayo. Nyumbani yatosha kumwaga maji ya bakuli, kuufunika mmea kwa nailoni nyeupe pamoja na ndizi mbivu kwa muda wa wiki moja, kivulini, kisha kungoja.

Shina likishatoa ua au tunda halitoi tena. Hudhoofika polepole, huku machipukizi yakitoka ubavuni mwake, ambayo hukatwa yafikapo theluthi ya kimo cha mama, yakaachwa kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, ndipo yakapandwa. Kishungi cha nanasi lililoliwa nacho hufaa, kikipunguzwa majani ya chini, ingawa tunda lake huchukua takriban miaka 2, na chipukizi hulitangulia kwa miezi kadhaa. Wakati wa kupanda huku ni mwisho wa Novemba au Desemba, mvua za kwanza zinapoanguka.