Simu inajua mita, fimbo unachagua mwenyewe

Ukifika Lubumbashi na kumwambia dereva wa taxi akupeleke Golf, hatakuuliza kama unacheza. Golf pale ni jina la mtaa, na wandugu wengi kutoka Maniema wamepanga nyumba huko bila kushika fimbo ya mchezo huo hata siku moja. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, iko vilevile: Kitwe kuna uwanja wa Nkana, Chingola kuna uwanja wa Nchanga, na miji yote miwili ni ya shaba. Migodi na golf ni majirani wa zamani katika upande wetu huu, ijapokuwa anayechimba na anayecheza si mtu mmoja.

Sasa kwa nini gazeti liongee golf na watu wa Salamabila? Kwa sababu wachezaji wa golf wamelipa pesa nyingi simu ifanye kazi moja ambayo mchimbaji anaihitaji kuliko wao: kusema kutoka hapa mpaka pale ni mita ngapi. Na wameshajua, kwa hasara zao, ni wapi simu inasema kweli na ni wapi inadanganya.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Kuna kampira kadogo, kuna tundu mbali lenye bendera, na unapiga kampira mpaka kaingie, kwa mapigo machache kuliko wenzako. Matundu ni 18. Ugumu uko ku fimbo. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, na kila moja ina umbali wake. Ile ndefu ya kuanzia inatupa mbali sana. Zile za chuma zina namba, na namba ikiwa kubwa, mpira unapanda juu zaidi na kuanguka karibu zaidi. Kati ya namba moja na inayofuata tofauti ni kama mita 10. Kwa hiyo mtu asiyejua kama bendera iko mita 130 au 145 hawezi kujua achukue fimbo gani, hata akiwa na nguvu za ng'ombe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kedi, kijana anayebeba begi. Nairobi, ku viwanja kama Muthaiga na Karen, kedi muzuri anajua uwanja kama mama anavyojua jikoni yake: mti huu mpaka bendera ni hatua fulani, ule mtaro unameza mpira, upepo wa saa kumi unatoka upande huu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo, kubebea wengine begi. Leo mchezaji anatoa simu mfukoni, anafungua programu, na simu inamuonyesha picha ya uwanja kutoka juu na namba tatu: mita mpaka mwanzo wa majani mafupi yanayozunguka tundu, mita mpaka katikati, mita mpaka mwisho.

Simu inafanyaje? Juu yetu, kwenye kilomita karibu 20,200, zinazunguka setilaiti za Marekani zinazoitwa GPS. Zinatuma ishara, na simu inasikiliza tu. Ikisikia setilaiti nne au zaidi, inapiga hesabu na kujua iko wapi. Hapa wengi wanakosea, wanadhani bila inite na bila mega simu haiwezi. Hapana. Kusikiliza setilaiti hakuli mega hata moja. Mega zinaliwa na picha ya ramani, na ile unaweza kuipakua mara moja ukiwa mahali kuna rezo nzuri, halafu unaenda nayo porini. Huyu wa golf anafanyaka hivyo hivyo: anapakua uwanja nyumbani, anatoka.

Lakini mahali peupe, bila miti wala ukuta, simu ya kawaida inakosea mpaka mita 5 hivi, upande wowote. Chini ya miti mikubwa au karibu na ukuta wa mlima inakosea zaidi. Urefu wa kupanda na kushuka ndiyo mbaya kabisa, usiutegemee. Ju ya hiyo wachezaji wenye pesa wananunua chombo kingine, cha laser, unakilenga ku bendera na kinakupa umbali kwa kosa lisilofika hata mita moja. Simu inapima mahali wewe uko, ikihesabu kwamba ramani ni ya kweli. Laser inapima kitu chenyewe unachokiona.

Kuna mtego mwingine unaochekesha. Programu nyingi zimetengenezwa Marekani, na Wamarekani hawahesabu mita, wanahesabu yadi. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Simu ikikuandikia 150 na wewe unadhani ni mita, kumbe ni mita 137, umeshachukua fimbo kubwa kuliko inavyotakiwa na mpira umepita bendera ukalala ku majani marefu. Kabla ya kitu chochote, ingia ku mipangilio ya simu, angalia kama iko ku mita.

Halafu hewa. Nairobi na Kigali ziko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ku Mombasa, karibu asilimia 10 kwa mahesabu ya wachezaji wengi. Mtu wa pwani akija Muthaiga na fimbo zake za kila siku anapitisha bendera siku nzima mpaka akubali kwamba mita zake za nyumbani si mita za hapa. Simu inampa umbali wa kweli, lakini haimjui yeye.

Hiyo ndiyo wenye programu walitaka kutengeneza. Ukipiga, unabonyeza. Ukifika penye mpira, unabonyeza tena. Simu inaandika: fimbo ya chuma namba 7, mita 118. Kesho 131. Keshokutwa 124. Baada ya mapigo mengi inakuambia: papa, fimbo hii kwako ni mita 124, si 140 unazowaambia wenzako. Wachezaji wengi wanachukia namba hiyo. Kila mtu anakumbukaka pigo lake bora, lile la siku ile upepo ulimsaidia, na anachagua fimbo kwa kulikumbuka. Simu inakumbuka yote, pamoja na yale mabaya.

Hapa nafikiri juu ya nyumba zetu. Ni mchimbaji gani wa Salamabila hajui siku aliyopata gramu nyingi kuliko zote? Anaijua, mke wake anaijua, hata mwenye duka anayemkopesha anaijua, na deni linaandikwa kwa kufuata siku ile. Ni nani ameandika siku 20 zilizopita, moja moja, pamoja na zile za sifuri? Haihitaji programu ya golf, daftari la shule inatosha, au ile sehemu ya maandishi ku simu: tarehe, gramu, chakula PDG alichotoa, pesa iliyobaki mkononi. Baada ya miezi miwili gawanya. Namba itakayotoka itakuwa ndogo, na itauma. Lakini masomo ya watoto yanalipwa kwa namba hiyo, hayalipwi kwa ile ya siku kubwa. Wamama wengi walishafanya hesabu hii kichwani zamani. Wakiona imeandikwa ku karatasi, maneno ya nyumbani yanakuwa mengine.

Turudi ku sheria za golf, kwa sababu kuna moja ambayo ninaiona ya akili sana. Toka 2019, kanuni za dunia zinaruhusu chombo cha kupima umbali, isipokuwa wenye mashindano wakikataze. Umbali na upande tu. Chombo hakiruhusiwi kukupimia mlima unapanda au unashuka kiasi gani, na programu haikubaliwi kukuambia, mpira ukiwa pale chini, chukua fimbo hii. Ukikosea mara ya kwanza unapewa adhabu, mara ya pili unatolewa. Mita ni za wote. Uamuzi ni wa mchezaji. Mwaka 2021 mashindano makubwa ya PGA Championship, Marekani, yaliruhusu vyombo vya kupimia, na aliyeshinda alikuwa Phil Mickelson, mzee wa miaka 50, mkubwa kuliko wote waliowahi kushinda shindano la ngazi hiyo. Vijana walikuwa na vyombo vilevile.

Sasa ku vilima vyetu. Hapa maneno ya umbali yameshamwaga damu. Kutoka Banro ilipoingia ku uzalishaji wa biashara Namoya, Januari 2016, mpaka iliposimamisha kazi 2019, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mahali: kilima hiki ni cha nani, mpaka wa konsesioni unapita wapi, Mwendamboko nani anaingia, Kakula nani anafukuzwa. Kila mtu alikuwa na mpaka wake mdomoni. Mzee anasema mpaka ni mto. Mlinzi anasema mpaka ni barabara. Kijana anasema, "Sisi tuko inje, angalia ule muti."

Lakini mpaka wa karatasi haufuati mto wala mti. Code minier inagawa nchi yote katika vipande vya pembe nne, kile kinachoitwa carré minier, na kila kimoja ni hekta 84.955, ubavu wake karibu mita 920. Mistari yake inafuata digrii za dunia, kila sekunde 30. Inapita juu ya kilima, katikati ya shamba, hata ndani ya nyumba ya mtu, haiulizi. Kitu cha namna hii jicho haliwezi kukiona. Simu inaweza kukionyesha, kama unajua namba za pembe zake. Namba hizo ziko ku Cadastre Minier, CAMI, na kooperative yenu ina haki ya kuziomba. Toka sheria ya 2018 mchimbaji anatakiwa awe ndani ya kooperative na achimbe ku eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo, basi swali la kwanza kwa viongozi wa kooperative liwe hilo: pembe zetu ni namba gani?

Ukizipata, angalia mtego mkubwa kuliko ule wa yadi. Karatasi inaandika digrii, dakika na sekunde. Simu nyingi zinaandika digrii na nukta. Digrii 4 na dakika 30 si 4.30, ni 4.50, kwa sababu digrii moja ina dakika 60. Ukiandika 4.30 umejitupa kilomita 22 mbali, umeshatoka kijijini kabisa. Na sekunde moja tu ni mita 31 chini. Mtu akikusomea namba kwa telefone, mwambie arudilie mara mbili.

Hata ukiandika sawasawa, ile mita 5 ya kosa inabaki. Ku golf mita 5 ni pigo moja. Ku mpaka ni shimo zima, pengine ni risasi. Ju ya hiyo simu ikikuambia uko mita 3 ndani, haijakuambia kitu. Ikikuambia uko mita 200 nje, hapo unaweza kulala. Na ku ugomvi, kioo cha simu si ushahidi: mpaka unapimwa na mpimaji wa serikali, na borne zinawekwa chini. Simu ni ya kujua mapema kama unaenda kuchimba mahali utafukuzwa, kabla PDG hajamaliza pesa yake ku mbao na ku chakula.

Na chini ya udongo? Hakuna. Ukishuka mita chache tu, setilaiti hazisikiki tena. Simu inaweza kuendelea kuonyesha nukta, lakini ni nukta ya pale mdomo wa shimo, ya zamani. Ku shimo tunarudi ku kamba. Kamba yenye fundo kila mita moja, fundo kubwa kila mita 10, na fundo nyekundu ku 30, kwa kuwa kanuni hairuhusu kupita mita 30 kwenda chini. Kwa kwenda pembeni, kamba hiyohiyo na busola. Busola ya simu inafanya kazi chini bila setilaiti, lakini inavutwa na chuma. Weka nyundo, baramina na tochi ya betri hatua kadhaa mbali, ndipo usome.

Hii si mchezo kwa wenye mashimo ya jirani. Midomo miwili ikiwa mita 15 juu, usipime kwa simu: kosa la mita 5 huku na mita 5 kule, hujapima. Chukua dekameta. Halafu kila wiki andika umeenda pembeni mita ngapi na upande gani, na jirani aandike yake, mkae mulinganishe. Galeri mbili zikitoboana bila watu kujua, maji ya mwenzako yanakuwa yako, na udongo uliokuwa unashika katikati umeisha.

Kitu kidogo cha mwisho kwa watakaojaribu: kutafuta setilaiti kunakula betri haraka. Fungua, soma, andika, funga. Na asubuhi ya kwanza nenda nayo kwanza ku uwanja wa mpira, simama goli moja, weka alama, tembea mpaka goli lingine ukihesabu hatua zako, halafu linganisha namba ya simu na dekameta. Ukirudia mara tano utajua simu yako inakosea kiasi gani, na utajua pia hatua yako moja ni sentimita ngapi. Hatua hiyo haiishi betri.