Samaki Wakifa Usiku, Tuulize Maji Kabla ya Kumshuku Jirani

Katika mabwawa ya Muheto na ya vilima vingine vya Masisi, habari hii inatufikia karibu kila mara vilevile. Jana jioni tilapia walikula vizuri. Leo asubuhi, kabla jua halijatoka, wanaelea tumbo juu. Hawana kidonda, hawana alama. Mwenye bwawa anasimama kwenye ukingo, na neno la kwanza ni hili: "Mutu ametutilia sumu!" La pili linafuata haraka: jina la jirani.

Sisi maagronomu tunaotembelea kooperative tunaliogopa hilo neno la pili kuliko kufa kwa samaki wenyewe. Vifaranga vya samaki vitapatikana tena. Lakini mahali ambapo familia nyingi zimekimbia vita, zikarudi, zikaanza upya kugawana maji na mipaka ya mashamba, jina likitajwa bure linaweza kubomoa mengi kuliko bwawa. Kwa hiyo tuseme wazi: samaki wanaokufa alfajiri, mara nyingi hawakuuawa na mtu. Walikosa pumzi. Na bwawa lenyewe linaacha alama za kutuonyesha, kama tunajua kuziangalia.

Bwawa nalo linapumua

Samaki anahitaji oksijeni kama sisi, ila yeye anaichukua ndani ya maji. Maji ya kijani yana mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo inatoa oksijeni. Usiku haitoi tena. Inaanza kuitumia, pamoja na samaki, pamoja na vijidudu vinavyoozesha mavi ya ng'ombe na mabaki ya chakula kule chini. Oksijeni inashuka saa kwa saa, na inafika chini kabisa karibu na mapambazuko. Hiyo ndiyo saa samaki wetu wanakufa.

Mawingu yakifunika siku mbili au tatu, mimea haitengenezi akiba ya kutosha kwa usiku. Hapo sasa ukiongeza kikapu kingine cha mavi ili samaki wanenepe haraka, umewapunguzia pumzi. Tena sisi tuko milimani. Maji ya nyuzi 20 kwenye usawa wa bahari yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni katika kila lita. Kwenye mita 2.000 yanabeba 7 na kidogo. Tunaanza na akiba ndogo kuliko watu wa bondeni.

Mvua kubwa nayo ina hatari yake. Inasomba mavi na udongo kutoka malishoni hadi bwawani. Maji yake ya baridi yanazama na kuyapandisha juu maji ya chini, yale yasiyo na oksijeni. Mfano wa maji ya namna hiyo tunao karibu: Ziwa Kivu. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni kabisa, ndiyo maana sambaza wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Bwawa letu ni dogo na halina kina hicho, lakini chini yake nako kuna matope yanayokula oksijeni.

Hata kwenye maziwa makubwa jambo hili limetokea. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, nchini Uganda, sangara wengi walionekana wamekufa kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Hofu ya sumu ilienea. Wataalamu wa serikali walipochunguza walisema ni upungufu wa oksijeni, baada ya dhoruba kuchanganya maji. Sangara havumilii upungufu huo kama tilapia.

Alama za kuangalia asubuhi hiyohiyo

*Saa.* Samaki wakifa alfajiri na vifo vikapungua jua likipanda, fikiria pumzi kwanza. Sumu haichagui saa.

*Samaki waliobaki.* Kama wako juu ya maji wanafungua vinywa, au wamejazana pale maji yanapoingilia, wanatafuta hewa.

*Ukubwa.* Pumzi ikikosekana, wakubwa ndio wanaotangulia kufa, vifaranga vinabaki. Kwenye sumu, mara nyingi wadogo ndio wanaotangulia.

*Kambale.* Huyu anaweza kuvuta hewa ya juu. Tilapia wakifa na kambale akabaki mzima, ni pumzi. Lakini kambale, viluwiluwi vya vyura na wadudu wa majini wakifa wote pamoja, hapo shuku sumu.

*Rangi na harufu.* Maji yaliyokuwa kijani yakigeuka ghafla kuwa kahawia na kunuka uozo, ile mimea midogo imekufa na inaozea humo.

Kuna pia jaribio la beseni. Chota maji ya bwawa, tia samaki wawili au watatu wanaohangaika, halafu uwe unayachota na kuyamwaga tena kutoka juu, kwa muda wa saa moja. Wakipata nguvu, walikosa pumzi. Wakiendelea kufa ingawa maji yana hewa, tafuta sumu au ugonjwa. Jaribio hili linaonyesha njia. Halitoshi kumhukumu mtu.

Na kama ni sumu kweli?

Hata hapo, sumu bila adui iko. Dawa nyingi za kupe tunazoogeshea ng'ombe zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Mtu akioshea pompi ya kupulizia viazi kwenye kijito, bwawa la chini linaumia, naye hajui. Utupa, ule mti ambao wengine wanaupanda ili kufukuza fuko shambani, majani yake ni sumu ya samaki tangu zamani. Usiupande kwenye ukingo wa bwawa wala kando ya mfereji.

Ukishuku sumu, funga maji yanayoingia. Samaki hao wasiliwe, wasiuzwe, wasipewe nguruwe wala mbwa. Wafukiwe mbali na chemchemi. Kisha panda na kijito pamoja na watu wawili wa komite, muangalie nani aliogesha ng'ombe au kupulizia dawa juzi na jana. Muulizeni kama mtu anayetafuta chanzo. Mtu akiulizwa vizuri anasema.

Kazi ya kuanza wiki hii

Kila asubuhi, ingiza mkono bwawani. Vidole vikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji ni mazito mno: simamisha mavi na upunguze chakula. Vikionekana vizuri hata maji yakipita kiwiko, unaweza kuongeza mbolea kidogo.

Weka mavi katika kizimba cha fito kwenye kona moja, usiyatawanye bwawa zima. Siku za mawingu, usiongeze kitu. Usizidishe samaki 2 kwa kila mita ya mraba. Chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua kando, na upande majani kwenye kingo.

Ukikuta samaki wanahema, fungua maji mapya yaangukie bwawani kutoka juu, toa maji ya chini kama bwawa lina bomba la kutolea, na waite vijana wayapige maji kwa mabeseni mpaka jua litoke vizuri. Wakubwa ambao bado wako hai wanaweza kuvuliwa na kuuzwa siku hiyo, ikiwa alama zote ni za pumzi.

Mwisho, kila bwawa liwe na kaye yake. Andika tarehe, hali ya hewa, mavi na chakula ulichotia, na samaki waliokufa: wangapi, wakubwa au wadogo, saa ngapi. Siku ya msiba, komite ifungue kaye kabla ya mtu yeyote kutaja jina. Tukija, tutaiomba hiyo kwanza, halafu tutashuka wote bwawani.